Shukrani ya Mgonjwa wa Siku Nyingi

Msimu wa kuchuma kahawa unapoanza Umatengo, baridi nayo huingia. Mwezi wa Juni na wa Julai ukungu hulala juu ya mashamba ya Mbinga mpaka jua limepanda sana, na watu huenda shambani wamejitanda mablanketi. Kwa mwenye afya, baridi hiyo ni sababu njema ya kusogea motoni. Kwa mtoto mwenye selimundu ni adui, maana baridi ni moja ya mambo yanayoamsha ugonjwa wake: chembe za damu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na mifupa humwuma hata asubuhi. Huko chini ziwani, kuanzia Lituhi hata Mbamba Bay, shida ni nyingine, nayo ni joto. Mama mwenye mtoto wa kisukari, ambaye nyumba yake haina jokofu, huamka akiwaza dawa ya sindano isije ikaharibika kabla ya mwezi kwisha.

Watu hawa wa mlimani na wa mwambao wa Nyasa hukutana siku ya kliniki. Wako waendao Litembo, kwenye hospitali ya Jimbo la Mbinga. Wako waendao mbali zaidi, hata Peramiho. Hukaa benchini na karatasi zao mkononi: mwenye shinikizo la damu, mwenye kifafa, mwenye pumu, mwenye virusi vya UKIMWI, mzee wa kisukari aliyefungwa kidonda cha mguu. Hao si wagonjwa wa kulala juma moja wakapona. Ugonjwa wao umehamia nyumbani, umepewa kigoda na sahani. Wengi wao wataenda nao kaburini, nao wajua hivyo.

Na hapo benchini, au nyumbani kitandani, hupita Mkristu mwema, akasalimu, akasikiliza kidogo, kisha akasema neno tulilolizoea sote: Mshukuru Mungu tu. Akaenda zake.

Hatumhukumu. Sisi wenyewe tunaoandika haya tumelisema neno hilo mara nyingi, na mara nyingine, tukiungama kweli, tulilisema kwa sababu tulitaka kuondoka. Ni neno takatifu. Lakini likitumiwa kumfunga mgonjwa kinywa, limekuwa kama mlango tunaomfungia usoni. Basi yatupasa kuuliza: Kanisa linapotufundisha kumshukuru Mungu kila siku, lamwambia nini mtu ambaye kila siku yake ina maumivu?

Tuanze na Paulo Mtume, maana ndiye anayetajwa zaidi katika jambo hili. Mwishoni mwa barua yake ya kwanza kwa Wathesalonike aliwaagiza washukuru, wala hakubagua nyakati. Katika Kiswahili chetu agizo hilo twalisikia kwa neno dogo “kwa”, nalo neno hilo limejitwika mizigo miwili. Mtu akisema, “Nakushukuru kwa chakula”, chakula ndicho kilicholeta shukrani. Lakini akisema, “Alimtunza mama yake kwa shida na raha”, shida siyo sababu. Ni hali tu aliyokuwamo. Paulo aliandika Kigiriki, na neno alilotumia pale maana yake ni “katika”. Aliwataka watu wa Thesalonike wawe na shukrani wakiwa ndani ya kila hali. Hakumwambia mwenye kidonda akishukuru kidonda. Twajua kwamba kwa Waefeso aliandika kwa nguvu zaidi, akataja shukrani kwa ajili ya yote. Lakini huko alikuwa akisema habari za Wakristu wanaoimba pamoja zaburi na nyimbo, wala hatudhani kwamba alitaka mama aimbe kwa sababu mwanawe ameanguka kifafa. Ugonjwa ni ubaya. Bwana wetu Yesu Kristu alikutana na wagonjwa wengi, wala hatusomi mahali popote kwamba alimwambia mmoja wao aupende ugonjwa wake. Aliwahurumia, akawaponya.

Tena Paulo aliyajua haya mwilini mwake. Aliwaandikia Wakorinto habari za mwiba aliokuwa nao. Ulikuwa ugonjwa gani, wataalamu wa Maandiko wameshindana tangu zamani: wengine husema macho, wengine homa, wengine hudhani haukuwa ugonjwa kabisa. Haidhuru. Aliomba mara tatu uondolewe, nao haukuondolewa. Akajibiwa kwamba neema ya Bwana yamtosha. Mgonjwa na ashike utaratibu huo vizuri. Mtume hakuanza na shukrani ya haraka haraka. Aliomba, akaomba tena, akaomba mara ya tatu, na ndipo akapata jibu ambalo silo alilolitafuta.

Na zaidi. Huyo Paulo aliyewaponya wengine alimwacha mwenzake Trofimo mgonjwa kule Mileto, akamwandikia Timoteo habari hiyo pasipo kuificha, wala hakusema kwamba Trofimo alipungukiwa imani. Naye Timoteo, aliyesumbuliwa na tumbo na maradhi ya mara kwa mara, alishauriwa na Mtume atumie divai kidogo. Hiyo ilikuwa dawa ya siku zile.

Twayataja haya kwa sababu ya hatari iliyopo. Mwaka 2011 nchi yetu iliona magari yamepangana barabarani kwenda Samunge, Loliondo, watu wakitafuta kikombe cha dawa ya miti. Hatuandiki kuwacheka, aliyechoshwa na ugonjwa hastahili kuchekwa. Lakini walikuwako waliorudi nyumbani wakaacha vidonge vyao vya kila siku, wakidhani wamekwisha pona, na ugonjwa ukawarudia kwa nguvu. Hatari hiyo haikwisha mwaka ule. Mpaka leo wako wagonjwa wanaohimizwa kutoa ushuhuda wa kupona kabla hawajapimwa, kana kwamba Mungu akiona kidonge mkononi mwao atachukizwa. Yoshua bin Sira, ambaye kitabu chake tunacho katika Biblia yetu sisi Wakatoliki, atufundisha kinyume chake katika sura ya 38: mganga na aheshimiwe, kwa kuwa yeye naye ni kazi ya Mungu, dawa zatoka katika ardhi kwa uwezo wa Muumba, na mtu mwenye akili hazikatai. Wazee wa Mbinga waikumbuka miaka ya 1990, jinsi tulivyozika vijana, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Mama anayemeza kidonge chake leo saa mbili usiku, na kesho akaenda kuchuma kahawa, ameshika mkononi kitu ambacho rafiki zake wa zamani hawakukipata. Kukimeza kwa saa yake ni shukrani, hata kama usiku huo hana maneno.

Wengine hukosea kwa namna nyingine: hushukuru kama watu walipao ada. Hufikiri, nikishukuru vya kutosha nitapona. Sijapona, basi shukrani yangu ilikuwa na kasoro. Hili humtesa mgonjwa kuliko ugonjwa. Tuwatazame wale wenye ukoma kumi katika Injili ya Luka. Walitakaswa wote kumi wakiwa njiani. Mmoja alirudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria. Bwana aliwauliziea wale tisa, ndiyo, na alihuzunika. Lakini Injili haisemi kwamba ukoma uliwarudia. Shukrani haikuwa bei ya ngozi safi.

Na sisi katika Ruvuma ukoma si hadithi ya Biblia tu. Karibu na Peramiho, pale Litisha, wamisionari Wabenediktini waliwatunza wenye ukoma kwa miaka mingi. Dawa za mchanganyiko zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 huua vijidudu vya ugonjwa huo, lakini haziotishi vidole. Ni wangapi walioambiwa na mganga kwamba sasa wamepona, wakatazama mikono yao, kisha wakashika Rozari kwa vigutu, Mungu peke yake ajua hesabu yao. Hao si wale tisa. Wala hawafanani sana na yule mmoja. Injili haikuandika habari za mwenye ukoma wa kumi na moja, aliyeshukuru na vidole vyake havikurudi. Lakini huyo ndiye jirani yetu.

Basi shukrani ya namna hii hufanywaje? Kwanza, haifanywi kwa siku moja. Anayesafiri Umatengo huona ngoro zimefunika milima mikali kama sega la asali. Wanaume hukata majani na kuyalaza mistari mistari, mingine ya kukata, mpaka vikatokea visanduku; wanawake hufukua udongo wa katikati na kuyafunikia majani. Shimo hubaki. Mvua kubwa ikija, maji hayakimbii na udongo kwenda bondeni. Hukaa mashimoni, yakazama polepole, na majani yale yakioza chini huwa mbolea ya maharagwe na mahindi. Ngoro haisawazishi mlima. Mlima u vile vile, mkali, na mkulima bado ahema akiupanda. Ila neema ya mvua haikupita bure.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyevunjwa mguu kwa risasi ya mzinga kule Pamplona mwaka 1521, na ambaye baadaye alisumbuliwa miaka mingi na maumivu ya mawe ya nyongo, aliwafundisha watu namna ya kujichunguza dhamiri. Jambo la kwanza, kabla ya kuhesabu dhambi, aliweka kumshukuru Mungu kwa mema yaliyopokewa. Twamshauri kila mgonjwa afanye hivyo jioni, asipoweza kusali sala ndefu, na atafute jambo moja tu. Lakini liwe jambo lenye jina. Asiseme “asante kwa yote”, maana “yote” ni neno la mtu aliyechoka. Aseme: leo muuguzi aliupata mshipa wangu mara ya kwanza. Leo jirani aliniletea usipa wa kukaanga, nami nikaweza kula. Jana usiku nililala saa tatu mfululizo. Mjukuu wangu alisoma Injili bila kukosea. Mambo madogo, naam. Lakini manna jangwani ilikuwa ndogo kama mbegu, nayo iliokotwa ya siku ile ile.

Turudi kwa yule mama wa ziwani. Insulini haitaki joto kali, na ziwani jua la mchana halina huruma. Asiye na jokofu huweza kutumia vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, na katikati mchanga uliolowa maji. Dawa huwekwa ndani, imefungwa vizuri isiingie maji, chungu kikafunikwa kitambaa chenye unyevu na kuwekwa kivulini upepo upitapo. Maji yakikauka huondoka na joto, na ndani pakawa baridi kidogo. Ila mchanga lazima utiwe maji asubuhi na jioni. Akisahau siku mbili, kazi imeharibika. Dawa hiyo ilivumbuliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 alichomwa sindano yake ya kwanza; kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa huo wazazi wake walimtazama akikonda mpaka akafa, wala hapakuwa na la kufanya. Tumfikirie basi mama huyo alfajiri. Hajawasha moto bado. Atia maji mchangani, ajipiga alama ya Msalaba, amwita mtoto apimwe. Kama tukiulizwa sala ya asubuhi ya mtu mwenye shukrani ina sura gani, tungeonyesha hiyo.

Hata hivyo hatutaki kumdanganya mtu. Ziko siku ambazo mgonjwa atafuta jambo moja, asilione. Kanisa Mama lajua. Kila Ijumaa, katika Sala ya Usiku, mapadre na watawa ulimwenguni kote husali Zaburi ya 88, ambayo ni kilio cha mtu aliyeteswa tangu ujana wake, aliyekimbiwa na rafiki, na zaburi hiyo haigeuki mwishoni kuwa furaha kama nyingine, huishia gizani. Kanisa halikuificha, halikuikata. Laisali mpaka neno lake la mwisho, kisha laweka juu yake Atukuzwe Baba, kama linavyofanya kwa zaburi nyingine. Mgonjwa aliye katika usiku wa namna hiyo ana wenzake wengi wanaomsalia maneno yake, hata kama yeye hawezi kusema kitu.

Na tulitazame jambo kubwa kuliko yote. Neno Ekaristi maana yake ni shukrani. Bwana wetu aliiweka Sakramenti hiyo usiku ule aliotolewa, akijua kinachomngoja. Alitwaa mkate, akashukuru. Saa chache baadaye, usiku ule ule, alikuwa bustanini Gethsemani amelala kifudifudi, akimwomba Baba kikombe kile kimwepuke. Kinywa ni kile kile kilichoshukuru mezani. Kwa hiyo mgonjwa aliyemshukuru Mungu saa moja jioni, na saa nne akalia akiuliza hata lini, asijione mnafiki. Amepita njia ya Bwana wake, kutoka mezani kwenda bustanini.

Sasa twasema nanyi mlio wazima, maana mkononi mwenu kuna nusu ya kazi hii. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa walitaka kujua aliyekosa ni nani, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Lakini swali lile bado laulizwa majumbani mwetu. Mwanamke aliyezaa watoto wawili wa selimundu hutazamwa vibaya na ukoo wa mume, na wengine hunong'ona habari za uchawi. Ukweli ni kwamba ugonjwa huo hauji mpaka baba na mama wote wawili wamempa mtoto urithi huo, kila mmoja sehemu yake, mara nyingi bila wao kujua wanao. Nyumba inayomshitaki mama imefukuza shukrani kwa mikono yake, kisha yamwambia mgonjwa ashukuru!

Jumuiya zetu Ndogondogo huenda kusali kwa mgonjwa, nazo zafanya vema. Lakini msimu huu, mkimaliza Rozari, tupieni macho shamba lake. Kahawa haimngoji mtu apone. Ikiiva sana huanguka, na ikianguka, nauli ya kliniki imeanguka nayo. Jumuiya ya watu kumi ikitoa siku moja ya kuchuma, mgonjwa huyo hatahitaji kuhimizwa. Mpeni cha kushukuria. Na mtazameni pia yule anayemwuguza, mara nyingi ni mke, au binti aliyeacha masomo, ambaye hakuna amwulizaye amelalaje. Mmoja wenu akikaa na mgonjwa Jumapili asubuhi, huyo naye ataweza kwenda Misa.

Jambo jingine, tulisemalo kila mwaka na bado twaona watu wanaogopa. Mpako wa Wagonjwa si tangazo la mazishi. Tangu Baba Mtakatifu Paulo VI alipotengeneza upya utaratibu wake mwaka 1972, Kanisa limeeleza wazi kwamba Sakramenti hii ni ya Mkristu aliye katika ugonjwa mzito au aliyedhoofishwa na uzee, nayo hurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Kumwita Padre wakati mgonjwa hajitambui tena ni kumnyima nafasi ya kupokea kwa akili yake, na ya kuitikia Amina kwa sauti yake mwenyewe. Padre aitwe mapema.

Tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani iliyoanzishwa na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992, parokia nyingi huwakusanya wagonjwa kanisani, wakapakwa, wakapewa sabuni na sukari. Ni siku njema. Zabaki siku nyingine za mwaka. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, Padre au mtumishi wa Ekaristi anapompelekea mgonjwa Komunyo Takatifu, na afuatane na mtu mmoja wa jumuiya, wala mtu huyo asiondoke na Padre. Abaki nyuma. Avute kigoda. Amwulize mgonjwa: umepata nini tangu juma lililopita? Kisha anyamaze asubiri, maana jibu la mgonjwa huja polepole. Na akijibu kwamba safari hii hakuona kitu, asimsahihishe. Amtilie maji ya kunywa, akae naye.